Miguu ya Mbele ya Pikipiki na Dhamana ya Nyumba



Katika nyumba nyingi za Pwani yetu ya kusini, tangu Tiwi hadi Vanga, pikipiki imeshika nafasi iliyokuwa ya baiskeli. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliziondolea pikipiki ndogo, zenye injini ya chini ya sisi 250, kodi ya ongezeko la thamani, na tangu hapo chombo hiki kimeenea hadi vijijini. Ndicho kinachomfikisha mama mjamzito katika hospitali ya Msambweni, ndicho kinachowapeleka watoto chuoni, na ndicho kinachomrudisha baba kutoka hotelini Diani baada ya zamu ya usiku. Si vibaya basi, ndugu wasomaji, leo tukakitazama kiungo chake kimoja ambacho wengi hukisahau mpaka kiwaangushe: shoki za mbele.

Shoki ni ile miguu miwili inayoshuka kutoka kwenye usukani na kulikamata gurudumu. Kila mguu una bomba jembamba linalong'aa, lililoingia ndani ya bomba nene. Ndani mna springi na oili. Springi hubeba uzito, na oili hulazimika kupita katika matundu madogo, ikaituliza springi isirukeruke. Kampuni ya BMW ya Ujerumani ilitoa pikipiki ya R12 yenye shoki za oili za namna hii mwaka 1935, na pikipiki zetu za abiria aghalabu zingali zinafuata asili hiyo. Kinachoizuia oili isitoke ni pete ya mpira iitwayo sili, iliyokaa mdomoni mwa bomba nene.

Hapa kwetu sili ina maadui wawili wakubwa, chumvi na vumbi. Upepo wa bahari hulitia kutu bomba linalong'aa, kutu huacha vishimo, na vishimo huikwaruza sili kila shoki inapopanda na kushuka. Vumbi na mchanga wa njia zetu humaliza kazi iliyobaki. Oili ikianza kuvuja huweza kuteremka hadi kwenye breki ya mbele, na breki iliyolowa oili haishiki. Fauka ya hayo, mguu uliopungukiwa na oili huliacha gurudumu likidunda, wakati dereva anapohitaji mno lishike njia.

Kijana wetu hupata riziki yake kwa pikipiki, na asubuhi huwapeleka wadogo zake wawili chuoni. Siku moja binti yangu alikuwa akiiosha, akaniita: "Baba, njoo utazame. Mguu wa kulia umelowa, ule mwingine mkavu." Tulipopitisha kitambaa kilitoka na oili nyeusi. Fundi tuliyemwendea alikuwa na kazi nyingi, akataka chombo kilale kwake siku tatu, na siku tatu kwetu ni posho ya siku tatu. Tukakata shauri kuifanya kazi uani, ingawa hakuna miongoni mwetu aliyewahi kufungua shoki. Tuliazima spana, tukanunua sili za miguu yote miwili na oili ya shoki, kisha tukasoma kitabu cha pikipiki kabla ya kugusa nati hata moja.

Tuliisimamisha pikipiki juu ya stendi ya kati, tukaweka gogo chini ya injini ili gurudumu la mbele liinuke, tukahakikisha haiyumbi. Kabla ya kuitoa miguu tulivilegeza kidogo vifuniko vyake vya juu, kwa sababu mguu ukishatoka huzunguka mkononi na kifuniko hakifunguki. Ndipo tukatoa breki, waya wa mita, gurudumu na madigadi, tukalegeza vikamatio, na kila mguu ukashuka kwa kuzungushwa taratibu. Kifuniko hufunguliwa polepole, uso ukiwa kando, kwani springi iliyobanwa hukisukuma kwa nguvu.

Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi, yenye harufu mbaya. Tuliikinga katika kopo na kulifunika. Visima vyetu vingi vimechimbwa katika mawe ya matumbawe yanayopitisha maji upesi, na atakayemwaga oili uani leo huenda akainywa yeye au jirani yake.

Nati ya chini, ambayo hufunguliwa ili bomba mbili zitengane, ilitushinda. Ilizunguka pamoja na kilicho ndani yake. Hatukuilazimisha. Kijana aliifunga miguu yote miwili katika gunia, akaipeleka Ukunda kwa fundi mwingine mwenye mashine, naye akaifungua na kutia sili mpya huku kijana akingoja. Anayeanza na ajue hili: mahali pa kusimama ni sehemu ya kazi, na si lazima chombo kizima kilale gereji kwa ajili ya nati moja.

Kutia oili kulikuwa kwa binti yangu na mama yake, kwa sirinji ya duka la dawa. Akauliza, "Kwa nini tupime, Baba? Si tumimine tu mpaka ijae?" Nikamweleza kwamba oili ikizidi, hewa hukosa nafasi, shoki huwa ngumu na sili hufumuka, ikipungua, gurudumu hudunda. Na lazima miguu yote miwili ipate kipimo kimoja kilichoandikwa kitabuni. Nikamkumbusha Suratul Mutaffifin, aliyoihifadhi tangu utotoni, inayowaonya wenye kupunja vipimo. Akacheka, akapima mara mbili.

Tulipokwisha kufunga na kukaza kila nati, tulishika breki ya mbele na kuukandamiza usukani. Ulishuka, ukapanda mara moja, ukatulia. Hata hivyo hakuna mtoto aliyepandishwa siku ile. Kijana aliendesha peke yake juu ya matuta, akarudi, tukapitisha kitambaa cheupe, kikatoka kikavu. Asubuhi yake ndipo wadogo zake walipokwenda chuoni.

Dada zangu mnaopanda pikipiki kila siku, kabla hamjaketi tazameni lile bomba linalong'aa. Likiwa limelowa na vumbi limegandamana kulizunguka, mwambieni dereva kwa upole, "Mwanangu, shoki yako inavuja," kisha mtafute chombo kingine. Huko si kumdharau. Huenda hana habari, na uhai wake, kama wenu, ni amana.

Wabillahi tawfiq.