Nilivyokosana na Shemeji kwa Ajili ya Kriketi

Watu hukosana kwa ajili ya shamba, au mahari, au mbuzi aliyeingia katika mahindi ya jirani. Mimi nilikosana na shemeji yangu kwa ajili ya wachezaji wa kriketi ambao hatukupata kuwaona kwa macho, na wengine wao wamekwisha kufa. Tulimaliza miezi miwili bila kuamkiana. Kosa lilikuwa langu, nami nalieleza hapa waziwazi, maana najua ziko nyumba nyingine ambamo ubishi wa michezo umekwisha kuvunja zaidi ya vikombe.

Katika miaka ya 1960 nilikuwa mtoto Nairobi. Siku za Jumapili nilifanya kazi ya kutundika vibati vya namba kwenye ubao, katika kiwanja kimoja cha kriketi cha Wahindi. Mshahara wangu ulikuwa shilingi mbili na chai kwa mkate. Mkubwa wangu alikuwa mzee mmoja mwandishi wa hesabu za mchezo, mtu wa miwani minene, ambaye hakukubali kibati kikae upande hata kidogo. Mzee huyo alikuwa na daftari alimonakili kwa mkono hesabu za mechi kubwa za zamani, na mvua iliponyesha alinisomea. Ndiyo maana hata leo nayajua majina ya Waustralia wa mwaka 1948 kama ninavyoyajua majina ya wajomba zangu.

Kwa wale wasioujua mchezo huu, nitaeleza kidogo. Mechi za Testi zilianza Melbourne mwaka 1877. Huchezwa na mataifa machache tu, na kwa kawaida huchukua siku tano. Kenya yetu haijapata kucheza Testi hata leo. Kila upande una watu 11, nao huweza kupata zamu mbili za kupiga. Wapigaji husimama uwanjani wawili wawili. Mmoja akitolewa, anayefuata katika mpango huingia mahali pake. Wawili wa kwanza hukabili mpira mpya, mgumu, wenye kasi. Wanaowafuata ndio mafundi. Wa mwisho ni warushaji, ambao gongo mikononi mwao ni kama jembe mikononi mwa karani. Basi watu wanapobishana ni nchi gani iliyopata kuwa na wapigaji bora kuliko zote, wanabishana juu ya mpango huo mzima, tangu wa kwanza mpaka wa saba au wa nane.

Shemeji, mume wa dada yangu, ni mtu wa redio. Tangu ujana wake alitega sikio kusikiliza matangazo ya London, na timu yake ni West Indies ya Clive Lloyd. Mpango wao wa mwaka 1984 aweza kuutaja kwa pumzi moja: Gordon Greenidge, Desmond Haynes, Larry Gomes, Viv Richards, Lloyd mwenyewe, na Jeff Dujon. Tena hukumbusha kila mgeni kwamba tangu 1980 hadi 1995 West Indies hawakushindwa mfululizo wowote wa Testi.

Sikukuu ya mwaka juzi tulikuwa nyumbani kwake, watu wengi, sufuria zikichemka. Mpwa wangu akatuuliza kwa uchokozi ni wapigaji gani waliokuwa bora kuliko wote. Kabla hajamaliza nikajibu kwamba ni Australia ya 1948, na mambo yamekwisha, kwa sababu Bwana Don Bradman alimaliza Testi zake kwa wastani wa mikimbio 99.94 kwa kila kutolewa, na katika mabingwa wote waliodumu katika mchezo huo hapana aliyemkaribia.

Shemeji akasema kwa upole, "Shemeji, hiyo ni namba ya mtu mmoja. Mtoto ameuliza habari za mpango mzima."

Alisema kweli. Nami nilijua papo hapo kwamba amesema kweli, ndiyo sababu nikawaka. Nikamwambia kwamba yeye hajapata hata kushika gongo, kwamba kriketi yake ni ya redioni, tena kwamba anawapenda West Indies kwa rangi yao tu. Nikayasema hayo nyumbani mwake, mbele ya watoto wake, chakula chake kikiwa mkononi mwangu. Shemeji hakujibu. Aliondoka kwenda kutazama mbuzi, wala hakurudi mpaka tulipokwisha kwenda zetu.

Miezi miwili ikapita. Siku moja dada akaja kwangu peke yake, akaketi, akakataa chai. "Mdogo wangu," akasema, "mimi siijui kriketi yenu. Lakini nimeona nyumba nyingi zikijengwa, na uzuri wa nyumba hauujui siku ya kiangazi. Hao mnaowagombania, ni wepi waliosimama siku ile nguzo yao kuu ilipoanguka? Nenda ukamwulize mume wangu hivyo, wala usimwulize kwa kiburi."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na kilo mbili za sukari na pakiti ya majani ya chai. Nikaomba radhi kwanza, mbele ya watoto wale wale. Shemeji akanishika mkono, kisha akasema jambo ambalo sitalisahau.

"Shemeji, ulisema kweli kwamba nawapenda kwa rangi, lakini hukuuliza kwa nini. Mwaka 1976, kabla ya mashindano, nahodha wa Uingereza, Tony Greig, mzaliwa wa Afrika Kusini, alisema katika televisheni kwamba anakusudia kuwafanya West Indies watambae. Richards alipiga mikimbio 829 katika Testi nne tu, naye kiwanjani Oval alipiga 291 katika zamu moja. West Indies walishinda 3 kwa 0. Nilikuwa kijana, nafanya kazi kwa bwana aliyeniita kwa kupiga makofi. Wiki ile nilitembea nimenyosha mgongo."

Nikanyamaza. Miaka yote niliyotundika vibati sikuwaza hata mara moja uzito wa namba kifuani mwa yule anayeisikia kwa mbali.

Ndipo nikatoa swali la dada, tukalipitia timu kwa timu, mpwa wangu akiwa mwamuzi.

Ya kwanza kuwekwa kando ilikuwa Sri Lanka ya 1997. Walipiga mikimbio 952 kule Colombo dhidi ya India, nayo mpaka leo ndiyo jumla kubwa kuliko zote katika Testi. Lakini mechi yenyewe ilikwisha sare, na nguzo zao hazikutikiswa siku ile. Chungu kikubwa si lazima kiwe na chakula kitamu.

Kisha Australia yangu ya 1948. Kule Leeds, katika zamu ya kwanza, Bradman alitolewa akiwa na 33, na watu watatu walikuwa nje kwa mikimbio 68. Akaingia kijana wa miaka 19, Neil Harvey, akicheza Testi yake ya kwanza dhidi ya Uingereza, akapiga 112. Siku ya mwisho walitakiwa mikimbio 404 ili washinde, jumla ambayo wakati huo haikuwa imepata kufikiwa na timu yoyote katika zamu ya mwisho ya Testi. Wakaifikia, Arthur Morris akipiga 182 na Bradman 173 bila kutolewa. Halafu kule Oval, katika Testi yake ya mwisho, Bradman alihitaji mikimbio minne tu ili wastani wake utimie 100. Eric Hollies akamtoa kwa mpira wa pili, bila hata mkimbio mmoja. Je, nyumba ilianguka? Haikuanguka. Morris alipiga 196, Australia wakapata 389, wakashinda kwa urahisi.

"Nakubali," akasema Shemeji, "lakini Waingereza walikuwa wametoka vitani juzi tu, na warushaji wakali, Lindwall na Miller, walikuwa upande wenu." Nikamkubalia, nikamkumbusha kwamba Richards naye hakupata kukabiliwa na Malcolm Marshall wala Joel Garner katika Testi, kwa kuwa walikuwa watu wake mwenyewe. Akacheka, mara ya kwanza tangu nifike.

Zamu yake ikawa Lord's, 1984. Ian Botham aliwatoa West Indies wanane katika zamu ya kwanza. Siku ya mwisho walitakiwa mikimbio 342. Haynes akatolewa mapema, na baada yake hakutolewa mwingine. Greenidge alimaliza na 214. Yule Gomes mpole, ambaye watu husahau kumtaja, alimaliza na 92. "Nguzo kuu ilikaa kitako ikitazama," akasema Shemeji. "Richards hakuhitajiwa hata kushika gongo."

Mpwa wangu akasema, "Mjomba, nanyi msisahau Hobart." Mwaka 1999 Australia walihitaji 369 dhidi ya Pakistan, na watu watano walikuwa nje kwa 126. Justin Langer alipiga 127, na mtu wa saba katika mpango, Adam Gilchrist, akicheza Testi yake ya pili tu, akapiga 149 bila kutolewa. Pamoja waliongeza 238. Nyumba ambayo nguzo yake ya saba ni imara namna hiyo ni nyumba kweli.

Lakini hadithi iliyotunyamazisha sote ni ya Kolkata, 2001. Australia walikwisha kushinda Testi 16 mfululizo. India walipiga 171, Australia 445, India wakalazimishwa kupiga tena papo hapo wakiwa nyuma kwa 274. Sachin Tendulkar, nguzo yao kuu, alipata 10 katika zamu ya kwanza na 10 katika zamu ya pili. Wakubwa wa India walikuwa wamebadili mpango: V. V. S. Laxman aliyekuwa wa sita akapandishwa kuwa wa tatu, na Rahul Dravid aliyekuwa wa tatu akashushwa kuwa wa sita. Dravid hakununa. Siku nzima ya nne hao wawili hawakutolewa. Laxman alifikia 281 na Dravid 180, wakiwa wameongeza 376 pamoja, na India wakashinda kwa mikimbio 171.

"Vibati vile vile," akasema Shemeji akinitazama, "umegeuza mahali pa kuvitundika tu."

Basi hukumu yangu ni ipi? Bado nasema Australia ya 1948, lakini sababu yangu imebadilika. Zamani nilikuwa nawapenda kwa ajili ya Bradman. Sasa nawapenda kwa ajili ya Morris na Harvey, waliosimama bila yeye. Ile 99.94 sitaitumia tena kama rungu. Shemeji amebaki na West Indies wake, na mpwa wangu na Gilchrist. Lakini sote watatu tumekubaliana kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Tulipokuwa tukiagana nikamkumbusha siku ya Pune, tarehe 29 Februari 1996. Haikuwa Testi, ilikuwa mechi ya siku moja ya Kombe la Dunia. Kenya walipata 166, na katika wapigaji wetu wote hakuna aliyefikia 30. Kila mmoja alileta kidogo chake. West Indies wakatolewa wote kwa 93. Shemeji akatikisa kichwa. "Siku ile," akasema, "sikujua nicheke au nilie."

Dada akatoka jikoni akatuambia kwamba sukari niliyoileta inakaribia kwisha na ubishi bado, basi mwenye kutaka chai nyingine aje na yake.