Sare ya Reykjavik

Vijana wapenzi, hapa Goma tunawaona wengi wenu mkipangwa na mkubwa katika sataranji, nanyi mkishindwa kabla ya kusogeza kete hata moja. Tarehe 18 Machi 2004, mjini Reykjavik, Magnus Carlsen wa Norwe, mwenye miaka 13, aliketi mbele ya Garry Kasparov, aliyeshika nafasi ya kwanza duniani. Ulikuwa mchezo wa haraka. Saa haimwongezei mtu dakika kwa sababu ya jina lake. Kasparov alipoinama kufikiri, mtoto aliinuka, akazunguka kutazama meza za wengine. (Sisi walimu tungemkemea!) Wakatoka sare, tena Carlsen ndiye aliyekaribia kushinda. Mchezo wa pili ulikuwa wa Kasparov, mtoto akayaaga mashindano.