Nikusaidie, Nyanya?

Wahenga walinena kuuliza si ujinga. Ama kwa hakika, wapenzi wasomaji, mimi kutouliza nusura kuniponze.

Ilikuwa Jumamosi wakati wa likizo. Nilitoka kwetu Lopur kwenda sokoni Kakuma. Jua la Turkana mwalijua, halina simile. Nikamwona nyanya mmoja amejitwika gunia la makaa, jasho likimtiririka. Moyo ukaniambia, "Msaidie!" Bila salamu, bila kuuliza, nikalidaka gunia kutoka nyuma. Lo! Nyanya akapiga kamsa: "Mwizi!" Watu wakaja mbio kutoka kila upande, na nyie mnajua mwizi wa sokoni hufanywa nini.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja Msomali mwenye duka, ambaye hununua sukari kwake. Ujanani alisoma Chuo Kikuu cha Taifa kule Mogadishu, siku ambazo masomo mengi yalifundishwa kwa Kiitaliano. Aliponiketisha dukani nilikuwa ningali natetemeka.

"Kijana," akasema, "walimu wetu Waitaliano walitufunza kuuliza kwanza. Kwa mkubwa au mgeni sema, *Posso aiutarla?* Kwa rafiki, *Posso aiutarti?*"

Yote mawili maana yake ni "naweza kukusaidia?" Ila *-la* ni ya heshima, na *-ti* ni ya rika. Kiswahili hakina tofauti hiyo. Heshima yetu tunaiweka kwenye shikamoo na katika kuita mtu mzee, mama au nyanya.

Kisha akaniambia, *"Le do una mano?"* Akaeleza kuwa *mano* ni mkono. Nami haraka nikanyosha wangu nimwamkue! Mzee akacheka hadi machozi. Kumbe hayo nayo ni "nikusaidie?"

"Na akisema *No, grazie*, yaani hapana, asante?" nikauliza.

"Basi unamwacha. Mzigo ni wake."

Hapo nikafunguka macho. Hata Kiswahili chetu kinajua adabu hiyo. Ukisema "Lete!" umeamuru. Ukisema "Nikusaidie?" unamwachia mwenye mzigo nafasi ya kukataa. Hiari yashinda utumwa, hata katika kusaidiwa.

Jumamosi iliyofuata nikamwona nyanya yule yule. Miguu ilikuwa mizito, lakini nikamwendea kwa mbele anione. "Ejoka, nyanya. Nisamehe kwa siku ile. Nikusaidie?"

Akanitazama kitambo. "La," akasema. Sikununa, nikampisha. Alipopiga hatua chache akageuka, akanipa mtungi wake mdogo wa maji nimshikie. Gunia akabeba mwenyewe hadi sokoni, nami nikamfuata polepole.

Haya, wanachama wenzangu, kalamu yangu naiweka chini. Ukiona mtu ana mzigo, tanguliza ulimi, mkono ufuate.