Azma na Hesabu

Atokaye Mwanza mjini kwa njia ya Musoma hupita Nyakato, kisha hufika Igoma. Hapo pana soko, maduka, na nyumba nyingi zisizokwisha kujengwa. Hapo pia pana makaburi ambamo walizikwa wengi wa watu waliokufa katika meli ya MV Bukoba, iliyozama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikielekea Mwanza kutoka Bukoba. Siku hiyo irejeapo kila mwaka, watu hukusanyika makaburini kwa sala.

Mkristo ajipangiaye maisha hawezi kupita mahali hapo pasipo kuulizwa swali. Abiria wale nao walikuwa na azma zao. Wengine walikwenda kuuza na kununua, wengine kwa jamaa zao, na kila mmoja aliiona kesho kama kitu kilichokwisha tiwa mfukoni. Yakobo, katika waraka wake, aliwaonya wafanyabiashara waliotaja mji watakaokwenda na faida watakayopata, hali hawakuijua hata siku iliyofuata. Aliwataka watangulize mapenzi ya Bwana mbele ya safari yao.

Lakini maneno ya onyo hilo yamekuwa mepesi mno midomoni. Fundi aliyepokea fedha ya mlango husema utakuwa tayari Jumamosi, Mungu akipenda, naye mbao hajanunua (na Mwanza mafundi wa namna hiyo si haba). Mwanafunzi asiyefungua kitabu akianguka mtihani husema Mungu hakupenda. Watu hawa wameisoma nusu ya fundisho. Yakobo yule yule, mwishoni mwa sura ile ile, aliandika kuwa mtu aliyejua jema limpasalo, akaliacha, ametenda dhambi. Mapenzi ya Mungu hayakuwekwa yawe maficho ya mvivu.

Meli ile ilikuwa imepakia watu kupita kiasi chake. Orodha kamili ya abiria haikuwako, na kwa sababu hiyo hesabu ya waliokufa haijaafikiwa hata leo. Wako watajao zaidi ya 800, na wako watajao karibu 1,000. Kuuita msiba huo mapenzi ya Mungu, kisha kunyamaza, ni kumsingizia. Kujua saa ya kufa hakumo katika uwezo wa binadamu. Kuhesabu watu waingiao chomboni kumo.

Hesabu, basi, si adui wa imani. Katika Injili ya Luka, Yesu alimtaja mtu atakaye kujenga mnara, ambaye hana budi kuketi kwanza na kukadiria gharama, asije akachekwa kwa msingi usio na jengo. Ignatius wa Loyola, aliyekuwa askari kabla ya kuwa padri, alifundisha katika karne ya 16 hesabu ya namna nyingine. Mtu achague kosa moja tu katika makosa yake, alichungulie mchana na jioni, atie nukta katika mstari kila mara alipoanguka, kisha alinganishe siku na siku, juma na juma. Kosa moja! Hapo ndipo hekima ya mzee yule ilipo. Mwenye kuazimia usiku wa mwaka mpya kuacha ulevi, hasira, uvivu na madeni kwa pamoja amejaza chombo chake kupita kiasi, na kabla ya mwezi kwisha kimelala ubavu.

Mwenye kiwanja Igoma hununua matofali machache kila apatapo fedha, akayapanga uani na kuyahesabu. Hajui kama atalala ndani ya nyumba hiyo. Walakini huupima msingi kwa kamba, akaupima tena, maana yamkini atakayelala humo ni mwanawe.