Kelele hazifuti nyayo

Jamani, juzi nimepata somo. Nilikuwa nafuatilia habari ya zabuni fulani, nikaogopa mtoa huduma wa intaneti asije akajua nazunguka tovuti zipi. Nikapakua Noisy, kiprogramu cha Python kisicho na vitufe. Unafungua lile dirisha jeusi, unaandika amri, chenyewe kinaanza kutembelea tovuti ovyo ovyo na kufuata viungo vyake. Safari zako za kweli zinatakiwa zipotee humo, kama mtu anayejichanganya na umati wa Kariakoo.

Nikalala kwa amani. Asubuhi bando limekwisha!

Ndipo nikafikiri vizuri. HTTPS inaficha ninachosoma, lakini jina la tovuti kwa kawaida linabaki wazi. Ile ya kampuni niliyoichunguza, niliyoirudia mara saba, bado imo kwenye kumbukumbu. Mashine inayobahatisha haing'ang'anii kitu namna hiyo. Tor ingemzuia mtoa huduma asione ninakokwenda. Hiki kimeongeza msongamano tu.

Mimi ningeambulia karipio la mhariri. Aliyenidokeza angepoteza kazi. Siku hizi nikienda kumwona, simu naiacha nyumbani. Wenzangu, nyie mnafanyaje?