Tambi kwa shu na karoti kwenye mbabula ya Minova

Minova, katika Kalehe, chakula ni bugali. Mtu anaweza kula viazi na ndizi mchana kutwa, na jioni bado akasema hajala. Ndiyo maana mama mmoja mhami kutoka upande wa Masisi alichekwa siku alipopika tambi, zile spageti za paketi, zilizokaangwa na mboga kama wanavyofanya Waasia.

Hakuwa akitafuta mapya. Alifika mwezi wa pili 2024, wakati mapigano yalipokaribia Sake na barabara ya Goma ikakatika. Katika nyumba iliyompokea, familia mbili zinapikia mbabula moja. Maharagwe makavu yanataka saa mbili au zaidi, na makala ni pesa. Tambi zinaiva kwa dakika kumi hivi.

Kazi kubwa ni ya kisu. Anakata kila kitu kabla ya kuwasha moto: shu nyembamba kama nyuzi, karoti vijiti vijiti, pilipili hoho, kitunguu saumu, tangawizi. Shu na karoti alikuwa akilima mwenyewe huko kwao. Sasa ananunua vipande sokoni, na hilo linamuuma kuliko kuchekwa.

Tambi anazichemsha katika maji ya chumvi, anaziipua zingali ngumu kidogo, anazichuja na kuzipaka mafuta zisishikane. (Wengi wanaziacha hadi zinakuwa uji, halafu wanasema tambi ni mbaya.) Sufuria inarudi motoni mpaka ishike moto kweli. Mafuta, kitunguu saumu na tangawizi, karoti, hoho, mwisho shu. Anageuza bila kupumzika dakika tatu nne, wala hafuniki, maana mboga iliyofunikwa inatoa maji na kulegea. Halafu tambi zinaingia, anachanganya, anaipua.

Waasia wangetia sosi ya soya. Yeye anatia chumvi na limau. Akipata sambaza kavu za ziwa Kivu anazikaanga mwanzo na kuziweka kando, kwa sababu tambi na shu peke yake hazimshibishi mtoto hadi asubuhi.

Watoto wa nyumba zote mbili wanamaliza sahani. Baba mwenye nyumba bado anadai bugali yake, kwa hiyo anasongewa kidogo, naye anaila na tambi kama mboga.