Chumba cha Stoo

Baba yangu alikuwa mtu wa kufoka. Ndivyo nilivyoamini nilipokuwa mdogo Buguruni, nikakua na imani hiyo, na kwa ajili yake nikamnyima chumba nyumbani kwangu. Naliandika hili kwa sababu wadogo zangu mpaka leo wanadhani nyumba haikutosha.

Alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, upande wa kufuma, tangu miaka ya 1970. Akirudi kutoka zamu ya usiku, vumbi la pamba limemganda kwenye nyusi, salamu yake ilisikika mpaka nyumba ya tatu. Hata kuomba chumvi aliomba kama anayegombeza. Ukimjibu kwa sauti ya chini alikunja uso na kusema, "Nini?" nami nikajua nimekosea. Wenzangu waliogopa kuja kucheza kwetu. Nikajiapiza kwamba nikiwa mkubwa nitakuwa na nyumba tulivu, na watoto wangu hawatasikia sauti yangu ikipanda hata siku moja. Kwangu mimi, kukua kulikuwa ni hilo tu.

Biashara huria iliporuhusiwa miaka ya 1980, mitumba ikajaa masokoni, na viwanda vingi vya nguo nchini vikayumba. Katikati ya miaka ya 1990 Baba akapunguzwa kazi. Nilikuwa sekondari, na jambo la kwanza nililowaza, Mungu anisamehe, ni kwamba sasa atashinda nyumbani mchana kutwa.

Mama alipofariki nilikuwa nimeshajenga Kibaha. Baba akaniomba aje kukaa nasi. Nikamwambia, "Nyumba ni ndogo, Baba. Vumilia kwa shangazi kwanza." Nilisema uongo. Kulikuwa na chumba kizima tulichokifanya stoo: ndoo za rangi zilizobaki, magunia, na kitanda cha nne kwa sita kimeegemezwa ukutani. Akavumilia kwa shangazi mpaka alipofariki.

Msibani walikuja wazee aliofanya nao kazi. Wakakaa mkeka mmoja, na wote walizungumza kama Baba, kwa kupaza sauti, hata katika kupeana pole. Dua ilipoanza wakanyamaza. Mmoja akataka maji. Akachezesha midomo bila kutoa sauti, na mwenzake aliyekuwa upande wa pili wa mkeka akamwelewa papo hapo, akampitishia chupa.

Baada ya maziko nikamwuliza yule aliyetaka maji walielewanaje. Akaniambia kwamba mle kwenye mashine hakuna anayemsikia mwenzake, kwa hiyo walizoea kusomana midomo. Kile kipande cha mbao kinachobeba uzi kinagongwa kulia, kinagongwa kushoto, zaidi ya mara mia kwa dakika, na hiyo ni mashine moja tu katika ukumbi mzima. Masikio waliyaziba kwa pamba, wale waliokumbuka. Baadaye nikasoma kwamba kelele za ukumbi wa namna hiyo hufika desibeli 100, ilhali sikio huanza kuharibika kwa desibeli 85 likizisikia kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka.

Kumbe Baba hakuwa na hasira. Alikuwa hasikii vizuri. Ile "Nini?" iliyonitetemesha utoto wangu wote ilikuwa swali tu, la mtu anayetaka kujua mwanawe amesema nini. Shangazi peke yake ndiye aliyekumbuka kwamba ujanani alikuwa mpole wa kusema.

Nyumba tulivu niliipata. Mwaka jana mambo yalinibana, deni la benki lilinikosesha usingizi, nikawa nakula na kuondoka mezani bila neno. Binti yangu mkubwa akanifuata barazani. "Baba, ukinyamaza hivyo tunaogopa. Hatujui tumekukosea nini." Nilikuwa sijawakasirikia hata kidogo. Nikamwuliza imeanza lini, akasema tangu wakiwa wadogo.

Usiku ule niliwaita wote nikawaeleza habari za babu yao, masikio yake, na kile chumba. Yule mkubwa akaniuliza kama babu alijua kwamba hakina mtu. Alijua. Shangazi alikuja kutusalimia mwezi ule ule niliomkatalia Baba, akakiona, na aliporudi akamwambia.